Mbona konsoli mpya inadoda na PS4 ya zamani bado ndo bosi kibandani?

Kuna bishano moja haliishi kwenye vibanda vya gemu hapa Malindi, kuanzia Maweni mpaka Barani: mbona mashine mpya ikitoka, kali kweli kweli, picha kama sinema, watu hawaikimbilii? Mmoja atakwambia ni bei. Wa pili atasema siku hizi watu hawana pesa, yule wa pembeni anayesubiri zamu atasema simu zishaua haya mambo yote, na yule mwenye pedi mkononi, ambaye ndo kwanza kafungwa bao la pili na hataki kusemeshwa, atasema mashine yenyewe mbovu tu. Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli. Lakini ukivijumlisha vyote hesabu bado haitimii, maana kuna konsoli zilizokuwa rahisi zikadoda na kuna ghali zikagombaniwa, kuna zenye nguvu zilizokufa mapema na dhaifu zilizotawala dunia. Kwa hiyo hebu tulifungue hili fundo polepole.

Tuanze na majina kwa sababu wengi wanayachanganya. Konsoli ni kompyuta iliyoundwa kwa kazi moja kuu, kuchezea gemu, unaichomeka kwenye TV unashika pedi mambo yanaanza. Kampuni kubwa ni tatu tu: Sony wenye PlayStation, Microsoft wenye Xbox, na Nintendo ambao sisi hapa pwani hatuna habari nao sana lakini kule Japani na Marekani ni miamba. Kila miaka sita saba hivi wanatoa mashine mpya kabisa na hiyo ndo inaitwa kizazi: PS3 ilitoka 2006, PS4 ikaja 2013, PS5 ikaja 2020. Halafu kuna gemu za kipekee, yaani gemu zinazopatikana kwa kampuni moja tu, ukitaka kumcheza Mario lazima uende kwa Nintendo utake usitake. Hayo yanatosha kwa sasa, mengine tutayaokota njiani.

Jambo la kwanza ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba pesa haiko kwenye mashine. Ukiona konsoli inauzwa dola 500 unadhani kampuni inakula dola 500, kumbe mara nyingi mwanzoni inakula hasara. PS3 ilipotoka 2006 iliuzwa dola 499 na ile kubwa 599, watu wakalia bei, na Sony huku nao wanalia kwa sababu kuitengeneza kulikuwa kunawagharimu zaidi ya hapo. Pesa yenyewe inakuja baadaye kwenye gemu. Kila gemu inayouzwa kwenye duka la mtandaoni la konsoli, mwenye konsoli anakata kama asilimia 30 hata kama gemu hiyo hakuitengeneza yeye. Kwa hiyo anachotafuta si mtu wa kununua sanduku, anatafuta mtu atakayeingia akae miaka na miaka akinunua gemu, na wakikosekana watu wa kukaa biashara nzima inayumba.

Na hapa ndo penye mzizi wa yote. Nenda steji hapa mjini asubuhi, unaelekea Mombasa. Unakuta matatu mbili. Moja imebakisha viti viwili ijae, nyingine mpya inang'aa, viti bado vimevikwa nailoni, muziki safi, lakini ndani hamna mtu hata mmoja. Unapanda ipi? Kila abiria anayekuja anapiga hesabu ile ile, hakuna anayetaka kukaa saa nzima kwenye jua akisubiri gari ijae, basi ile mpya inazidi kubaki tupu kwa sababu tu ni tupu. Konsoli mpya ndo hiyo. Wachezaji hawaji kwa sababu gemu hazijafika, na wenye kutengeneza gemu hawaleti gemu kwa sababu wachezaji hawajafika, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Sasa makanga wajanja wanajua dawa yake, wanawapa watu kitu kidogo wakae ndani waonekane kama abiria, wewe ukichungulia unaona vichwa unapanda, gari ikikaribia kujaa wale wanateremka mmoja mmoja. Gemu za kipekee za kampuni ndo wale watu. Kampuni inazitengeneza kwa pesa yake mapema, hata kabla mashine haijapata wateja, ili ukichungulia uone ndani kuna kitu. Ikichelewa kuzileta, hata mashine iwe nzuri vipi, itakaa steji.

Mfano mzuri wa hili ni Wii U ya Nintendo, na huu nataka tukae nao kidogo kwa sababu una karibu makosa yote ndani ya sanduku moja.

Kabla yake kulikuwa na Wii ya 2006 iliyouza zaidi ya milioni 101. Ilinunuliwa hadi na mabibi na mababu huko kwa wenzetu, watu ambao hawajawahi kushika pedi maishani, ilikuwa unatikisa mkono na mpira wa tenisi unaenda. Basi Nintendo wakasema tuwatolee nyingine, wakaitangaza Juni 2011, jina wakaipa Wii U. Hebu jiweke nafasi ya mama mmoja ana Wii sebuleni, anasikia kuna Wii U. Atafikiri nini? Atafikiri ni kifaa cha kuongezea kwenye ile aliyo nayo. Na siku ya kuitangaza ndo walizidi kuharibu, wakaonyesha pedi mpya yenye kioo kama tableti, wakaizungumza pedi hiyo weee, mashine yenyewe haikuonekana vizuri, hata waandishi wa habari za gemu baadhi walitoka pale hawajui wametangaziwa konsoli mpya ama pedi mpya.

Ilitoka Novemba 2012. Wiki ya kwanza Marekani ilienda zaidi ya 400,000, watu wakasema imepasua. Hapo ndo pa kuwa makini, kwa sababu wiki ya kwanza huwa haina maana kubwa, wanaonunua siku hiyo ni mashabiki sugu ambao wangenunua hata kama sanduku lingekuwa na mawe. Swali ni nani ananunua mwezi wa sita. Kati ya Aprili na Juni 2013 Nintendo waliuza Wii U 160,000 tu dunia nzima, miezi mitatu hiyo. Walikuwa wamepanga kuuza milioni 9 mwaka ule wa fedha, Januari 2014 wakashusha makadirio mpaka milioni 2.8, na rais wao marehemu Satoru Iwata akajikata mshahara nusu. Mpaka inafungwa kabisa Wii U iliuza milioni 13.56. Kutoka milioni 101 mpaka 13, kwa kampuni ile ile na karibu jina lile lile.

Sasa sisi watu wa mpira kuna kitu kimoja hapo kitatugusa. EA, wale wa FIFA, walileta FIFA 13 kwenye Wii U, wakaona wateja hawapo, mwaka uliofuata FIFA 14 hawakuileta. Mashine mpya ya mwaka 2012 haina FIFA 14, huku PS2 ya mwaka 2000, ile iliyozeeka na kubandikwa soltepu, FIFA 14 ilikuwa nayo! Kwa EA PS2 ilikuwa bado na watu wengi majumbani na Wii U haikuwa nao, hawajali nani mpya nani mzee. Na ukirudi nyuma zaidi utakuta ile Dreamcast ya Sega iliyotoka Japani 1998 ilipata bahati hiyo hiyo mbaya, EA hawakuitengenezea gemu hata moja, halafu watu wakajua PS2 inakuja na itacheza na DVD pia, wakakunja mikono wakasubiri. Machi 2001 Sega walikuwa washaacha kuitengeneza, ikiwa imeuza kama milioni 9, na hawakurudi tena kwenye biashara ya konsoli.

Na kwa mtu anayesema basi gemu za Wii U zilikuwa mbaya, si kweli. Mario Kart 8 ilitoka Wii U mwaka 2014 ikauza kama milioni 8. Gemu hiyo hiyo, wakaipiga msasa kidogo wakaiongezea vitu, wakaileta kwenye Switch, konsoli yao iliyofuata, Aprili 2017, imeuza zaidi ya milioni 60. Gemu ni ileile jamani. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliokuwa ndani.

Haya, tuje kwenye ile imani kubwa ya vijana wa vibandani kwamba mashine yenye nguvu ndo inashinda. Nimeisikia mpaka nimechoka, teraflopu hivi, teraflopu vile, hicho kipimo cha nguvu ya mashine kupiga hesabu. Ukipanga konsoli kwa nguvu na ukizipanga kwa mauzo, orodha mbili hizo hazifanani kabisa. Kizazi cha PS3, mashine dhaifu kuliko zote tatu ilikuwa Wii, haikuwa hata na picha za HD, na ndo iliuza zaidi: milioni 101 dhidi ya PS3 milioni 87 na Xbox 360 milioni 84 hivi. Kizazi cha kabla yake Xbox ya kwanza ilikuwa na misuli kuliko PS2, ikauza kama milioni 24, wakati PS2 ilipita milioni 150. Switch nayo ilikuwa dhaifu kuliko PS4 na imepita milioni 150 pia. Nguvu inasaidia lakini haijawahi kumvuta mtu peke yake, mtu wa kawaida hanunui teraflopu, ananunua gemu anayoitaka na marafiki wa kucheza nao.

Kuna na jambo la macho. Kutoka PS1 mpaka PS2 hata mtoto aliona tofauti, uso wa mchezaji ulikuwa pembe pembe ukawa uso. PS2 kwenda PS3 pia. Lakini PS4 kwenda PS5? Tofauti ipo, gemu zinafunguka haraka sana kwa sababu ya SSD, yaani hifadhi yake ya kasi, mwanga na vivuli ni vizuri zaidi, lakini uione yote unahitaji TV ya 4K, yenye picha kali zaidi, na ikiwezekana ile ya hezi 120, yaani inayobadilisha picha mara 120 kwa sekunde. Kwenye TV ya inchi 32 iliyofungwa ukutani kwa nondo, jua linapiga mlangoni, bati linaunguza, niambie ukweli ni nani ataiona. Na gemu zenyewe zinatoka kote kote. God of War Ragnarök ya 2022 ilitoka PS5 na PS4 pamoja, Horizon Forbidden West mwaka huo huo vivyo hivyo, na FC 26 iliyotoka 2025, ndo ile FIFA ya EA iliyobadilishwa jina, bado ina toleo la PS4. Sony wenyewe mwaka 2024 walionyesha kwamba karibu nusu ya watu wanaocheza kila mwezi bado wako PS4, na hiyo ni zaidi ya miaka mitatu tangu PS5 iingie sokoni!

Kwa hiyo mpinzani mkubwa wa PS5 hajawahi kuwa Xbox. Ni PS4. Ndo maana mabishano ya Sony na Microsoft mimi huyaona kama kelele tu, mashine mpya siku zote inapigana kwanza na kaka yake aliyetangulia kufika nyumbani, ambaye ashalipiwa, ana gemu zake, ana marafiki zake, na hajaharibika.

Lakini bei ina lake pia, nisije nikaonekana naipuuza. Zamani mtu alikuwa anasubiri kwa sababu kusubiri kulikuwa kunalipa. PS2 ilianza Marekani na dola 299, 2002 ikawa 199, mpaka 2009 ilikuwa dola 99. PS4 ilianza 399 ikashuka mpaka 299. Ukisubiri miaka mitatu unaipata rahisi na gemu zishajaa. Kizazi hiki mambo yamegeuka. PS5 yenye mlango wa diski ilianza na dola 499 mwaka 2020, na Agosti 2025 Marekani ikapandishwa mpaka 549. Xbox Series X nayo ilianza 499, mwaka 2025 ikapandishwa mara mbili mpaka karibu 650. Mashine ya miaka mitano inapanda bei badala ya kushuka! Sababu ni kwamba chipu zamani kila baada ya muda zilikuwa zinapungua ukubwa na gharama pamoja, siku hizi zinapungua ukubwa lakini gharama haishuki kama zamani, ukiongeza na ushuru wa Marekani na mfumuko wa bei basi. Yule aliyekaa 2020 akasema nitasubiri ishuke bado amekaa.

Sasa lete bei hiyo huku kwetu. Dola 549 hizo za 2025, dola moja ikiwa shilingi 129, ni kama elfu 71, na hapo haijapanda meli wala ndege, haijalipiwa ushuru wa forodha, haijawekewa VAT ya asilimia 16, na mwenye duka hajaongeza ya kwake. Wakati huo PS4 ya mtumba, ile inaitwa ex-UK, unaipata kwa pesa ndogo sana ukilinganisha. Mwenye kibanda yeye anapiga hesabu tofauti na mtu wa nyumbani. Tuseme mechi ni shilingi 20 na anayefungwa ndo analipa. Hiyo elfu 71 peke yake ni mechi 3,550 kabla hajaanza kuonja faida, na hapo bado stima, bado kodi ya kibanda, bado pedi ambazo vijana wanazipiga chini kila wakikosa penalti. Kama angeweza kusema PS5 mechi ni 40 kidogo ingeleta maana, lakini jaribu uone, wateja watahamia kibanda cha jirani chenye PS4 kwa 20, kwa sababu wanachokuja kukitafuta ni kumfunga mtu mbele ya watu, na mtu anafungika vizuri tu kwenye PS4. Kwa mfanyabiashara huyu mashine mpya haimwongezei hata shilingi kwenye mechi. Na fundi? Fundi wa mjini anaijua PS4 ndani nje, spea anazo za mashine zilizokufa, PS5 atakufungulia lakini kwa kukuombea dua.

Halafu kuna mambo ya diski, na hapa kuna kisa cha Microsoft ambacho kila mtu wa Malindi angekipenda. Mei 2013 walitangaza Xbox One, wakasema itabidi iingie kwenye intaneti angalau mara moja kila saa 24 la sivyo hutacheza, na gemu za diski zitafungwa kwa mwenyewe, kuuza ya mtumba ama kumwazima rafiki itakuwa na masharti. Watu wakachachamaa. Bosi wa kitengo hicho, Don Mattrick, alipoulizwa vipi wasio na intaneti akajibu kwa maana kwamba hao wana Xbox 360, mashine ya zamani. Yaani tajiri anamwambia mteja abaki na ya zamani! Sony nao hawakulaza damu, wakatoa kivideo kifupi kuonyesha jinsi ya kumwazima mwenzio gemu ya PS4: mmoja anampa mwenzake diski mkononi, kwisha. Isitoshe Xbox ilikuwa dola 499 kwa sababu iliuzwa kwa lazima pamoja na kamera ya Kinect, PS4 ikawa 399. Juni hiyo hiyo Microsoft wakafuta masharti yote, lakini jina lilikuwa lishaharibika, na PS4 ikaenda kuuza zaidi ya milioni 117 huku Xbox One ikiachwa mbali sana.

Kinachochekesha ni kwamba yale waliyoyakataa watu 2013 yanarudi polepole kwa mlango wa nyuma. Xbox Series S haina pa kuingiza diski. PS5 Pro ya 2024, iliyoanza na dola 699, inauzwa bila mlango wa diski, ukiutaka unanunua kando. Mtu mwenye faiba nyumbani hata hajali. Lakini gemu moja kubwa siku hizi inavuka GB 100, weka hiyo kwenye bando la simu uone. Na ukiinunua mtandaoni huwezi kuiuza ukiichoka, huwezi kubadilishana na binamu yako wa Watamu, inabaki imeganda kwenye akaunti. Akaunti yenyewe ni hadithi nyingine kwa sababu Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation mtandaoni, basi vijana wanajisajili kana kwamba wanaishi Marekani, Uingereza ama Afrika Kusini, kisha waanze kutafuta kadi za kulipia za nchi hiyo. Yote hayo wakati diski ya PS4 inapita mkono kwa mkono mjini haina shida na mtu.

Simu je? Hili lina ukweli kwetu kuliko huko kwao. Kijana wa Kisumu Ndogo mwenye Free Fire na eFootball kwenye simu ashapata gemu bila kununua chochote, na konsoli kwake ni kitu cha kibandani, si cha kununua. Lakini kusema simu zimeua konsoli dunia nzima ni kuongeza chumvi. Switch ilikuja 2017 simu zikiwa zishajaa kila mfuko, na ikapita milioni 150. Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025 kwa dola 449, si rahisi, na siku nne za kwanza ziliondoka zaidi ya milioni 3.5. Angalia walichofanya safari hii: jina wameweka namba 2 tu, hakuna wa kuchanganyikiwa, gemu za Switch ya kwanza karibu zote zinaingia, na Mario Kart mpya ilikuwepo siku ya kwanza.

Na kingine, konsoli ikianza vibaya haimaanishi ishakufa. PS3 niliyoitaja, pamoja na bei yake ya kutisha na ndani kulikuwa na prosesa ngumu inaitwa Cell iliyowatoa jasho watengenezaji gemu, iliishia milioni 87 baada ya kushushwa bei na kupata gemu zake. Nintendo 3DS, ile ya mkononi, ilitoka Marekani Machi 2011 kwa dola 249 ikadoda, Agosti wakaikata mpaka 169, gemu za Mario zikaja mwisho wa mwaka, ikamaliza na milioni 75. Tofauti yao na Wii U ni kwamba wao walipata gemu kabla watengenezaji wa nje hawajakata tamaa na kuondoka. Wakishaondoka hao ni vigumu sana kuwarudisha, hata ukishusha bei.

Kwa hiyo ukiulizwa PS5 itaingia lini vibandani kwa wingi, usiangalie matangazo ya Sony wala ya Microsoft. Wengi wanaisubiri GTA VI, na ni kweli hiyo haitoki PS4, ni PS5 na Xbox Series pekee, kwa watu wa nyumbani itawasukuma wengi. Lakini GTA haichezwi kwa mechi ya shilingi 20, mtu akikaa nayo haamki. Kibandani kinachoamua ni mpira. FIFA ya mwisho ya PS2 ilikuwa FIFA 14, miaka 13 tangu mashine itoke. Ya mwisho ya PS3 ilikuwa FIFA 19, miaka 12. PS4 ilitoka Novemba 2013, na FC 26 ya 2025 ndo hiyo inatimiza miaka 12. Toleo lolote la kuanzia sasa linaweza kutoka bila PS4. Hata hapo wenye vibanda hawatakimbia siku hiyo hiyo, watacheza na kikosi cha zamani msimu mmoja ama miwili, mpaka siku wateja wataanza kuuliza kwa nini mchezaji wao mpya yuko timu ya mwaka juzi, na kibanda cha ng'ambo ya barabara kiwe na kikosi kipya.